Masika ya Kuutafuta Uso wa Baba

Ijumaa, 6 Machi 2026

Mwalimu Fredy ametugawia daftari moja moja. Anasema masika hii chuo kitapokea wageni watatu, watu wanaoishi kwa kuchora, na kila mgeni akiondoka tuandike. "Andikeni mlichokiona, siyo mlichoambiwa." Kisha akasema atayakusanya ayasome yote. Hapo hapo nikajua daftari lile litajaa adabu tupu, ndiyo maana nimenunua hili jingine. Hili hatalisoma mtu.

Mvua imeanza saa kumi jioni.

Jumapili, 8 Machi

Nimekwenda nyumbani Michenga na kurudi. Mama ameshaongea na paroko: misa ya kumwombea baba kwa kutimiza mwaka itakuwa Jumamosi, tarehe 30 Mei. Anataka picha ya baba iwekwe juu ya meza ndogo mbele ya altare, na mshumaa pembeni, kama wanavyofanya wengine. Nikamwambia picha hatuna. Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa. "Nimesomesha mchoraji," akasema, "halafu nikose picha?"

Ni kweli hatuna. Maji yaliyomchukua baba mwaka jana ndiyo yaliyoingia ndani ya nyumba yakalowesha sanduku. Picha ya harusi yao ilitoka imekuwa uji. Simu yake alikuwa nayo mfukoni. Kitambulisho cha taifa hakikuwahi kutoka, alikufa akiwa na namba tu. Ofisi ya kijiji wana kopi ya kadi yake ya kupigia kura. Nimeiona: masikio mawili, na katikati masizi. Teddy, ninayepanga naye chumba hapa Ifakara, ana picha ya sherehe ya kipaimara changu kwenye simu, na baba yumo. Unaonekana mkono wake, umeshika sahani.

Siku ya mazishi jeneza halikufunguliwa, kwa sababu alikaa majini siku mbili. Kwa hiyo mama hakumwona.

Wakati naondoka alinisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo si kawaida yake. Akasema taratibu, kama anayeungama, "Agnella, nikifumba macho namwona mgongo tu. Uso unanikimbia." Nikaahidi nitamchora. Niliahidi kabla sijafikiri.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Nimejaribu kumchora baba kwa kukumbuka. Amekuja mwanaume yeyote.

Ijumaa, 13 Machi

Mgeni wa kwanza. Tulitegemea mtu kutoka mbali, akaja Mzee Kelestini, yule anayechora mabango ya saluni na maduka kuanzia hapa mjini mpaka Mlimba. Darasa zima tunazijua kazi zake, na darasa zima tumewahi kuzicheka: vichwa vikubwa kuliko mabega, na kila mteja wa saluni anatabasamu kama ameshinda bahati nasibu. Alivaa koti na tai. Kucha zake zilikuwa na rangi ya bluu ya mafuta ambayo nadhani haitoki tena.

Hakusema neno "sanaa" hata mara moja. Alieleza namna ya kuchanganya rangi isipauke kwa jua, namna ya kuchora ukutani mvua ikiwa karibu. Wenzangu wakaanza kuchezea simu. Mwisho Mwalimu akaomba maswali na hakuna mkono ulioinuka, basi kwa kuona aibu nikauliza langu: mtu amekufa, picha hana, ndugu zake wanataka achorwe. Unafanyaje?

"Nimewachora wengi wa hivyo," alisema. "Namwomba ndugu anayefanana naye akae kwenye kiti. Damu haipotei."

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu najua ni nani anayefanana na baba. Ni mdogo wake, baba mdogo Ildefonce. Baba akiwa hai watu waliwachanganya hata kanisani. Na baba mdogo ndiye mtu ambaye mama hajasema naye tangu msiba. Siku ile bonde linajaa maji walikwenda wawili kwa mtumbwi kuokoa magunia ya mpunga kwenye kibanda cha shamba, akarudi mmoja. Mama alilisema neno hilo makaburini mbele za watu, "Walikwenda wawili," na hakuongeza kitu. Hata mimi nimelibeba mpaka leo.

Kwenye daftari la Mwalimu nimeandika kwamba mgeni alitupa mbinu nzuri za rangi.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua usiku na mchana. Teddy ana malaria.

Jumapili, 22 Machi

Nimekwenda. Baba mdogo siku hizi anafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, huku huku mjini. Bondeni hakanyagi tena. Jumapili mashine haiwashwi, lakini yeye alikuwepo, anafagia pumba. Pumba zilikuwa kwenye nyusi na kwenye ndevu, nikadhani ni mvi. Nikamwamkia, akaitikia bila kuniangalia. Nilipomweleza shida yangu aliegemeza ufagio ukutani, akauliza kitu kimoja tu: mama anajua? Nikasema hajui. Akavuta gunia, akakaa.

Saa moja na nusu hakutikisika. Sijawahi kupata mtu wa kuchorwa anayekaa vile. Mimi nilikuwa namchora huku nimekasirika, na nilijiona nina haki ya kukasirika.

Jumapili, 29 Machi

Jumapili ya Matawi. Baada ya misa, mashineni tena. Pua nimeipata. Taya ni la baba kabisa. Tumeongea labda maneno kumi.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka, nyumbani. Mama alichinja jogoo. Saa nane baba mdogo akaja, amevaa shati lililopigwa pasi, ana mfuko wa sukari. Alisimama uani akasema, "Shikamoo, shemeji." Mama alikuwa anapepeta mchele. Akaendelea kupepeta mpaka akamaliza, akabeba ungo wake akaingia ndani. Baba mdogo akaweka sukari juu ya kinu, akaondoka. Anafanya hivyo kila sikukuu. Zamani nilikuwa namwona mnafiki. Leo nilijikuta natazama anavyogeuka, bega la kushoto linatangulia, nikasahau kumchukia mpaka alipofika barabarani.

Mama akauliza picha imefikia wapi. Nikamwambia inaendelea vizuri, namkumbuka kidogo kidogo. Nimemdanganya mama yangu siku ya Pasaka.

Ijumaa, 10 Aprili

Mgeni wa pili anaitwa Aneth, ametoka Dar es Salaam, anatengeneza katuni za watoto za kwenye televisheni. Tulitegemea kompyuta. Alichoomba ni kiti. Akamkalisha Teddy katikati ya darasa, akamwambia ainuke, akae, ainuke, akae, labda mara ishirini, mpaka Teddy akasema dada, mimi nimetoka kuumwa. Kila mara Aneth alituuliza ni kitu gani kinachoanza. Tukasema miguu, tukasema magoti, mikono. Kumbe yanaanza macho. Halafu kichwa kinakwenda mbele, ndipo mwili unafuata. Alisema sekunde moja inahitaji michoro kumi na miwili, na ule ambao hakuna atakayeuona ndio unaomchukua siku nzima.

Hiki nimekiona, siyo kuambiwa. Nimeandika kurasa nne kwenye daftari la Mwalimu na sikuongopa hata mstari.

Baadaye alipita kuangalia kazi zetu. Nilimwonyesha uso niliouleta kutoka mashineni, bila kueleza habari zake, nikasema tu ni baba yangu. Aliangalia muda mrefu.

"Anafanya nini hapa?"

"Amekaa."

"Baba yako alikuwa anakaa?"

Nilicheka, maana baba hakuwahi kukaa. Alikuwa anakula amesimama mlangoni, sahani mkononi, anaangalia mawingu. Hata kanisani alisimama nyuma na vijana. Nilicheka, halafu ikabidi nitoke nje nikasimame chini ya bati mpaka macho yakauke. Aneth hakunifuata, na namshukuru kwa hilo.

Jumatatu, 13 Aprili

Maji yameanza kuingia bondeni. Mama amepiga simu: shamba letu bado zima.

Jumapili, 19 Aprili

Nataka niandike hii kwa utaratibu.

Nilifika mashineni, baba mdogo akakaa kwenye gunia lake. Sikufungua rangi. Nikamuuliza, "Baba alikuwa anafanya nini?" Nilimaanisha siku zote, kwa kawaida, alikuwa mtu wa namna gani akifanya kazi. Yeye alielewa nauliza siku ile. Akaanza kusema akiangalia sakafu, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia hapana, sikuuliza hilo.

Alisema asubuhi ile waligombana kibandani. Baba alitaka waache magunia mawili, mtumbwi usizidiwe. Baba mdogo akataka wachukue yote. Baba akamwambia ana tamaa, lakini wakapakia yote. Baba alisimama nyuma na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, baba mdogo akakaa mbele juu ya magunia. Angeweza kukaa wakielekeana, kama walivyozoea. "Nilimpa mgongo makusudi," alisema. "Nilinuna, kama mtoto."

Maji yalikuwa na kasi. Akasikia pondo limenyamaza, haligongi tena ubavuni. Akageuka. Pondo lilikuwa limenasa kwenye tope, mtumbwi unakwenda, na baba amelishikilia kwa mikono miwili.

Kila mtu wa bonde hili anajua: pondo likinasa, liachie. Mtumbwi utaupeleka hata kwa kiganja. Mimi nilifundishwa na baba mwenyewe nikiwa na miaka saba, akanizaba kofi mara ya pili niliposahau. Yeye hakuachia. Miguu ikatoka mtumbwini, akabaki ananing'inia kwenye mti ule katikati ya maji, sekunde moja, labda mbili, halafu mti ukalala. Mtumbwi ukapinduka. Baba mdogo alinasa kwenye matete, akaita mpaka sauti ikakauka.

"Ningekuwa namtazama ningemwambia aachie," alisema. "Agnella, mimi ndiye niliyeuona uso wake wa mwisho. Hakuwa na hofu. Alikuwa na hasira, kama mtu anayenyang'anywa kitu chake."

Nikaondoka. Nilisahau rangi zangu kule kule.

Jumapili, 26 Aprili

Sijaenda. Mvua.

Jumapili, 3 Mei

Sijaenda. Mgongo! Ndugu yako anakusukuma kwa nguvu zake, wewe umempa mgongo kwa ajili ya magunia mawili. Nikifikiria hapo naona mama alikuwa sahihi, na nikiona mama alikuwa sahihi sipati raha yoyote.

Ijumaa, 8 Mei

Mgeni wa tatu na wa mwisho, Valentino, mchoraji wa vitabu vya shule. Mtu mpole, mnene, anajifuta jasho kila baada ya sentensi. Alileta vitabu vyake akatuonyesha kina baba wote aliowachora kwa miaka ishirini: baba anayekwenda kazini, baba anayesoma gazeti, baba anayefundisha watoto usafi. Wote wana sura ya jirani yake mmoja wa Morogoro. Tulicheka na yeye akacheka.

Kisha akafungua ukurasa wa kilimo cha mpunga. Kuna mtu anapanda miche, amesimama wima, ameishika kama shada la maua. Hapo tulicheka kwa kweli, watoto wa wakulima sote, Teddy aliinama mpaka chini ya dawati akituonyesha namna ya kupanda. Valentino hakucheka. Alisema alipochora ukurasa ule hakuwa amewahi kukanyaga shamba la mpunga. Alijua anakosea, kitabu kikachapishwa, watoto wamekisoma.

"Kwa nini hukusema?" Mwalimu Fredy alimuuliza.

"Nilinyamaza kwa sababu hakuna aliyeniuliza," alijibu. "Ukikaa na kitu bila kuulizwa, mwisho unaona hata kukisema ni ukorofi."

Sikusikia yaliyofuata. Nilikuwa nahesabu: mama hajamuuliza baba mdogo, shangazi hawajamuuliza, paroko hajamuuliza. Mwaka mzima tumemwadhibu mtu bila hata mmoja wetu kumwambia, hebu tueleze. Na mimi niliyemuuliza, niliuliza kwa bahati mbaya, halafu nikamkimbia.

Jumapili, 10 Mei

Nimerudi mashineni. Rangi zangu alikuwa amezifunga vizuri kwenye mfuko wa nailoni, zisipate pumba. Nikamwambia, "Nisamehe, baba mdogo." Akasema kaa tuendelee. Nilipomaliza nikamwambia amweleze mama kama alivyonieleza mimi. Akatikisa kichwa. "Akiniuliza," akasema.

Jumamosi, 16 Mei

Mvua imekata. Bonde linanuka tope.

Ijumaa, 22 Mei

Picha imekwisha. Mwalimu Fredy amesema ndiyo kazi bora ya darasa mwaka huu. Teddy anasema inatisha, kama itaongea. Mimi naiangalia na kitu kinanikataa, lakini sijui ni kitu gani. Nina wiki moja, na nimeamua: nikimpa mama picha nitamwambia kweli nilimchora nani.

Ijumaa, 29 Mei

Nimefika nyumbani saa sita mchana. Mama alikuwa jikoni na wanawake wa jumuiya wanachambua mchele wa kesho. Akanawa mikono, tukaingia chumbani, nikafunua kitambaa.

Alitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, nilikuwa nimejiandaa hata kwa furaha. Akasema, "Huyu ni Ildefonce."

Maneno niliyoyapanga yote yakaniruka. Nikasema ndiyo mama, nilimkalisha yeye, watu wanasema wanafanana, nilikudanganya. Akaniinulia mkono nisiendelee. Hakuwa amekasirika. Aliisogeza picha kwenye mwanga wa dirisha.

"Huyu ana woga machoni," akasema. "Baba yako Severini hakuwa na woga, ndiyo maana yuko kaburini." Akaiinamia picha. "Mwaka mzima sijamtazama huyu kijana. Nilidhani namchukia. Kumbe nilikuwa naogopa nitamwona Severini. Na wala hawafanani, Agnella. Tazama. Wala hawafanani."

Ndicho kilichokuwa kinanikataa. Nimechora miezi miwili, nimepata pua na taya, na yote hayakuwa baba. Niliona aibu, nikakaa kitandani.

Mama akauliza alikuwa ananieleza nini miezi yote hiyo. Nikasema, "Muulize mwenyewe." Ni neno zito kumwambia mama. Alinitazama, kisha akatoa simu yake akanipa nimtafutie namba, maana alikuwa ameifuta.

Baba mdogo alifika saa kumi kwa bodaboda, na nguo za mashineni. Akaamkia, mama akaitikia, na wanawake wa jikoni wote wakageuka kutazama. Tukaingia ndani watatu. Alieleza amesimama, mama akamwambia akae, akaendelea. Hakuficha kitu, hata magunia mawili, hata kununa. Mama alimwangalia usoni muda wote. Alipofika kwenye pondo mama akamkatiza.

"Hakuachia?"

"Hakuachia, shemeji. Na mimi nilikuwa nimempa mgongo. Ningekuwa namtazama ningemwambia aachie."

"Asingeachia," mama akasema. "Ningekuwa mimi ndiye ninayemwambia, asingeachia. Nimekaa naye miaka ishirini na sita, sijaona kitu alichokiachia kwa kuambiwa."

Alianza kama anacheka. Halafu akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi, na wanawake wakaja mlangoni, mama akawafukuza kwa mkono. Baba mdogo alikuwa ameinamisha kichwa. Mama akamshika kidevu, akauinua uso wake kama anavyofanyiwa mtoto aliyevunja chungu, akasema, "Namwona Severini. Amekunja uso anakataa. Ndiyo uso wake wenyewe."

Hakusema nimekusamehe. Alimuuliza kama amekula.

Jumamosi, 30 Mei

Misa. Juu ya meza ndogo palikuwa na mshumaa peke yake. Shangazi yangu aliniuliza mbele za watu, mchoraji wetu imekuwaje, nikasema nimeshindwa. Ni mara ya kwanza kulisema neno hilo hadharani, na sikufa. Baba mdogo alikaa benchi la familia, mkewe pembeni, halafu mama, halafu mimi.

Baada ya chakula mama alileta ile picha uani, akaniambia niandike chini yake jina la mwenyewe. Nikaandika Ildefonce, na tarehe. Baba mdogo aliifunga kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu manyunyu yalikuwa yameanza, akaibeba kwapani mpaka barabarani.

Jumapili, 31 Mei

Kesho nakabidhi daftari la Mwalimu. Anataka tueleze ni mgeni yupi aliyetufundisha zaidi. Nimeandika kwamba wa kwanza alinielekeza kwenye kosa, wa pili akaliona, wa tatu akanifanya nilikiri, na kwamba siwezi kumtoa hata mmoja. Nadhani ataniandikia, "Fafanua."

Wameanza kuvuna upande wa chini, na kesho mama anaingia shambani, hatarudi nyumbani mpaka mwisho wa Juni. Asubuhi hii, baada ya misa ya kwanza, aliniuliza kuchorwa kunachukua muda gani. Nikamwambia saa moja na nusu, na inabidi ukae bila kusogea, bila kuchambua kitu, bila kumwita mtu. Nilikuwa namtania, kwa maana mama naye hajui kukaa.

Sasa hivi nimesikia anavuta kiti uani. Nimechungulia dirishani: amevaa gauni la kanisani, ameweka mikono magotini. Amekaa. Ananiita.